Upande wa Pili wa Shuka

Mwalimu wetu wa darasa la jioni ana tabia ya kufuta ubao kwanza ndipo aseme neno zito. Jioni ile aliufuta, akaufuta tena ingawa haukuwa na kitu, tukajua kuna jambo.

"Kuna chombo kitarushwa angani," akasema. "Hakitakuwa na mtu ndani. Kitapita sayari zote tunazozijua, kiendelee mbele, na hakitarudi. Ndani yake itawekwa sahani ya muziki, ili kama huko mbali kuna viumbe, wasikie sisi ni watu wa namna gani. Kila nchi imeombwa wimbo mmoja, na nyingine mbili za akiba nafasi ikitosha. Mimi nimo kwenye kamati ya kuuchagua wa kwetu, chini ya mwenyekiti ambaye ni daktari wa nyota. Nataka mnisaidie."

"Daktari wa nyota," kinyozi akasema kutoka nyuma. "Kwani zinaumwa nini?"

Darasani kwetu hakuna watoto. Ni watu wazima tuliokosa shule wakati wenzetu wanasoma, na sasa tunakaa kwenye madawati ya wanafunzi wa asubuhi, magoti yakigonga mbao. Mtoto ni wangu tu, Kifaranga, ninayekuja naye siku ambazo baba yake yuko zamu. Mwalimu hana neno, mradi asile chaki.

Mlinzi mmoja tunayemwita Profesa, kwa kuuliza kwake, aliinua mkono. "Na wakiusikia, Mwalimu, wakaamua kuja?"

"Watakukuta wewe getini," kinyozi akamjibu.

"Nitawaomba kitambulisho."

Tulicheka, kisha mapendekezo yakaanza. Mmoja alitaka kelele za uwanja wa mpira goli likiingia. Kinyozi alitaka muziki wa harusi, kwa sababu mtu akisikia harusi anajua pana chakula. Mama mmoja muuza vitambaa akasema twende na nyimbo za ibada, na Profesa akauliza za dini ipi, na darasa zima likatazama chini.

Ndipo nikasema. "Mwalimu, upo wimbo wa kukunja mashuka. Wa pale hospitali. Walikuwa wanauimba watu wawili tu."

"Nani na nani?"

"Marehemu mama na mwenzake."

"Tuimbie kidogo."

"Siujui."

"Dada," kinyozi akasema, "hata mimi nina nyimbo nzuri sana nisizozijua."

Hakusema kwa ubaya, nami nilicheka nao. Lakini ilikuwa kweli. Mama alikuwa dobi wa hospitali tangu sijazaliwa. Chumba cha kufulia hakiingiliwi na mgeni, kwa sababu ya maradhi yanayosafiri na mashuka, kwa hiyo sisi watoto wake hatukuwahi kumwona kazini. Wauguzi ndio waliotusimulia. Walituambia wakipita kwenye kidirisha cha mlango husimama na sinia la dawa mkononi, wakiwasikiliza wale wawili wakikunja na kuimbiana. Tukirudi nyumbani tunamwomba mama atuimbie, naye anatuonyesha viganja. "Ule hauimbwi mikono mitupu, wanangu."

Nilidhani siku zipo. Mama akaugua ugonjwa mfupi, akaenda, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Nikaomba kazi pale pale alipofanya yeye, nikapewa. Niliingia chumba kile kwa matumaini kama ya mtu anayerudi kutafuta kitu alichokiangusha njiani, nikakuta mwenzake ameacha kuimba. Sikuwa na haja kubwa ya viumbe wa mbali. Nilitaka kuusikia upande wa mama.

Mwenzake huyo namwita Mama Mkubwa. Si dada wa mama kwa kuzaliwa, kazi ndiyo iliyowafanya ndugu. Wenzetu humwita Bi Pasi, kwa sababu hata kauli yake humnyoosha mtu. Tangu mama afariki hakukubali mtu yeyote ashike ncha ya pili ya shuka lake. Aligongomea kulabu mbili ukutani. Hutundika pembe mbili pale, hushika mbili, akakunja peke yake huku sisi wengine tukikunja wawili wawili, mashine zikinguruma na joto likitutoa jasho.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mtoto ameota jino?"

"Bado. Anatafuna tu kila anachokiona."

"Haya, sema. Umesimama kama mtu aliyetumwa."

Nikamweleza habari ya chombo na sahani na kamati. Aliendelea kukunja. Nilipomaliza akauliza, "Huko juu wana mashuka?"

"Hatujui hata kama wana miili."

"Sasa wanalala wapi?"

"Mama Mkubwa, wanautaka wimbo wenu."

"Mwenye wimbo hayupo."

"Wewe upo."

"Mimi ni nusu." Akalipiga shuka hewani likatoa mlio kama kofi. "Mtu hapeleki nusu ya kitu ugenini. Ni aibu."

Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza kwa maneno mazuri ya darasani, yote yakanitoka. "Mimi sijawahi kuusikia," nikasema. "Hata siku moja."

Akaacha kukunja. "Hata nyumbani hakuwaimbia?"

"Alikuwa anatuonyesha viganja."

Mabega yake yakatikisika kidogo, nikajua anacheka. "Huyo," akasema. "Huyo ndiye yeye." Akalitoa shuka kwenye kulabu, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa ingawa lilikuwa limenyooka. "Nitaimba upande wangu. Wa mama yako siugusi. Na usiniombe mara ya pili."

Nikajiambia mvumilivu hula mbivu, nikaenda kumwarifu Mwalimu.

Fundi sauti alikuja na begi lake mgongoni. Tulimvisha joho, kofia ya nywele na mifuko ya viatu, akawa kama mpishi aliyepotea njia. Kwa ajili yake msimamizi alizima mashine zote, na kwa mara ya kwanza nikausikia ukimya wa chumba kile, mabomba yakitoa vilio vidogo vya kupoa. Fundi alimwomba Mama Mkubwa asogee karibu na kinasa sauti.

"Kisogee chenyewe," akasema. "Mimi nakunja."

Akatundika pembe mbili, akashika mbili, akarudi nyuma mpaka shuka likakaza. Akaimba. Sauti yake haikuwa tamu. Ilikuwa kavu, yenye kona, sauti iliyozoea kushindana na injini.

*Limekuja, limekuja, limetoka wapi hili?*

Akanyamaza. Alilivuta shuka polepole, macho yake yakiwa kwenye zile kulabu. Fundi akanitazama, nyusi juu. Nikamwashiria angoje.

*Lilimfunika nani, mbona lina uzito?*

Akanyamaza tena, muda mrefu, midomo ameifunga.

*Vuta kwako, vuta kwangu, kunyanzi lisibaki.*

Ukimya.

*Lete pembe, nakuletea pembe, tukutane tuachane.*

Hapo akatembea na pembe zake mpaka ukutani, vifundo vya vidole vikagusa saruji. Alisimama hivyo kidogo, kisha akarudi nyuma na kuanza upya na shuka jingine. Mimi nilikuwa nimegeuka, najifanya napanga foronya.

Kamati ilikutana kwenye chumba cha walimu, na Mwalimu akanialika. Nilikaa pembeni, Kifaranga amelala kifuani. Daktari wa nyota alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeandika kwa penseli na kuisahau kwenye nywele zake. Wajumbe walisikiliza nyimbo nyingi jioni ile, nyingine za bendi zenye vinanda, nyingine za kwaya zilizopangwa vizuri. Kisha fundi akasema, "Na huu ni wa madobi."

Sikuutambua. Mstari ulifuata mstari, mbio mbio, na lile kofi la shuka likilia katikati kama ngoma. Wajumbe wakaanza kugongagonga meza kwa vidole. Mmoja akasema, "Huu unanifanya nitake kwenda kufua," wakacheka. Daktari akatabasamu. "Una furaha," akasema. "Furaha ya kazi. Huu tuuweke mbele." Mwalimu alinigeukia, amejaa fahari kwa ajili yangu, akanong'ona, "Hongera, binti."

Nikasema ahsante. Ilikuwa sauti ya Mama Mkubwa kweli, na maneno yake kweli, lakini kana kwamba mtu amemwambia afanye haraka, basi linaondoka. Zile nafasi alizonyamaza hazikuwamo. Niliomba nakala kwenye simu, nikaondoka nayo kama mtu aliyebeba chakula kilichochacha.

Kesho yake wakati wa mapumziko mimi na Mama Mkubwa tulikaa juu ya mafurushi ya mashuka machafu yaliyofungwa, nikampigia ile nakala. Alisikiliza mpaka mwisho, simu ikiwa sikioni.

"Huyu anaimba na nani?" akauliza.

"Ni wewe, Mama Mkubwa."

"Najua ni mimi. Nauliza anaimba na nani. Anauliza, hangoji. Mtu wa namna hiyo akija kwangu kunitembelea namwambia sipo." Akanirudishia simu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wamefunga mlango. Mama yako angeingilia wapi?"

Siku hiyo hiyo baada ya zamu yetu ya asubuhi tulikwenda kwa fundi. Karakana yake ni chumba kidogo, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia kelele. Nilikuwa nimekwenda na hasira yangu imeiva. Fundi alimpa Mama Mkubwa kiti chake cha pekee, yeye akachuchumaa sakafuni.

"Mama, mimi nilidhani unasahau maneno," akasema. "Mbele ya mtu mgeni, mashine zimezimwa, mtu yeyote husahau. Nikasema nikustahi. Nikaondoa pale ulipokwama, ili wakubwa wasikusikie ukikwama."

Mama Mkubwa alimtazama sana. Nikaona hasira yake ikitafuta pa kutua, isipapate.

"Adabu unayo, mwanangu," akasema. "Ila umeikunja vibaya."

"Ile ya kwanza ninayo nzima, sijaifuta. Lakini nikueleze ukweli. Sahani ina nafasi ndogo, na watu wanaigombania. Ukimya mrefu vile, huko juu watadhani kitu kimeharibika. Kamati haitakubali." Akajikuna shingo. "Kama ipo sehemu ya pili, mtu aiimbe. Nitaipachika mahali pake, wimbo utimie. Kamati inakutana tena wiki hii kuamua."

Tulirudi pamoja. Mlangoni mwa hospitali, tulipokuwa tunaachana, nikamwomba mara ya pili.

"Nifundishe upande wa mama. Umeusikia miaka yote. Hakuna mwingine aliyebaki anayeujua. Ukiondoka wewe nao umeondoka, na mimi nitakaa pale chumbani maisha yangu yote nikinyoosha mashuka aliyonyoosha yeye, sijui alikuwa anasema nini."

Nilitegemea anikatalie. Alinishika mkono, akanirudisha ndani.

Zamu ya mchana ilikuwa imekwisha, ya jioni bado inavaa majoho. Mkokoteni mmoja ulikuwa umebaki, mashuka yake yakiwa bado vuguvugu. Akachukua la juu. Akanipa pembe mbili.

"Shika. Usisimame hapo, hapo pana maji. Mama yako alikuwa anasimama upande wa dirisha."

Nikaenda upande wa dirisha. Akalikaza shuka, nikasikia nguvu zake zikinifikia kupitia kitambaa, kama mtu anayekushika ukiwa unateleza. Akaimba mstari wa kwanza, limetoka wapi hili, akanyamaza. Nami nikanyamaza.

"Jibu," akasema.

"Sijui anajibu nini."

"Nani?"

"Mama. Nipe maneno yake, nitayashika. Mimi ni mwepesi wa kushika."

"Hakuna maneno."

"Hakuna vipi?"

"Mama yako hakuwa na maneno. Mwenye maneno ni mimi, yale yale kila siku, mpaka yamenichosha. Yeye alikuwa analitazama shuka. Namuuliza limetoka wapi, analitazama, ananiambia. La wodi ya wazazi akisema limetoka kwa mtu aliyeingia mmoja wakatoka wawili. La watoto, alikuta doa la pipi halikutoka, akaimba kwamba huyu alipona, mgonjwa halali na pipi. Kuna siku lilikuja la chumba cha daktari wa zamu. Akaniimbia limetoka kwa asiyelala, mbona limekunjamana. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani amekufa."

Nilicheka, na kicheko kikaniishia njiani. Kumbe nilichokuwa nakitafuta hakijawahi kuwekwa mahali popote. Kila jibu la mama liliimbwa mara moja, likakunjwa ndani ya shuka, likapanda wodini, mtu akalilalia. Asubuhi akaanza mengine.

"Basi nipe hayo unayoyakumbuka," nikasema. "Hata hayo matatu. Fundi atayapachika."

"Nikikupa hayo utakuwa unayajibu mashuka ya zamani." Akalivuta shuka kidogo, kama unavyomvuta mtoto asiyesikiliza. "Na yalikuwepo ambayo hakuyajibu. Ya wale waliotoka kwa mlango wa nyuma, wamefunikwa. Hayo aliyashika tu, akayavuta, mdomo amefunga. Nami nilimngojea mpaka zamu yake ipite ndipo nikaendelea. Miaka yote hiyo sikumruka. Sasa wamenifanya nimruke, tena mbele ya kamati."

Hapo nikaelewa kwa nini alizinyamazia zile kulabu.

"Hilo ulilolishika," akasema, "limetoka wapi?"

Nikalitazama. Lilikuwa shuka la kawaida, jeupe la hospitali, limechakaa upande mmoja. Karibu na dole gumba langu palikuwa pamechanika zamani, mtu akapashona kwa uzi wa buluu, pengine mweupe ulimwishia. Akaimba tena. Akangoja. Sauti yangu ilitoka imepinda, ikajitafuta.

"Limetoka kwa cherehani, lina kovu, limerudi kazini."

"Mama yako angetia chumvi kidogo," akasema. "Endelea."

Akauliza lilimfunika nani. Nikasema sikumjua, lakini alikuwa na baridi, maana alilivuta mpaka likachanika. Akaitika kwa kichwa. Tukavuta kwake, tukavuta kwangu. Kwenye mstari wa pembe akatembea kuja kwangu, nami nikatembea kwenda kwake, tukakutana katikati. Mikono yake ilikuwa ya moto na mikavu, ngozi imekakamaa. Alipokea pembe zangu, lakini hakuniachia vidole upesi. Nikawaza habari ya ule ukuta, kwamba kwa muda wote huu ndio uliokuwa ukimpokea.

"Haya," akasema, akaniachia. "Kamwite yule kijana na kinasa chake, ukitaka. Sasa hilo ni lako, mimi siliamui."

Nyumbani nilimkuta baba Kifaranga anambembeleza mtoto. Nikamchukua, nikamlaza mapajani. Huwa nazungumza naye kila jioni, mambo ya kipuuzi tu. "Umeshinda salama, baba?" nikamuuliza. Nikanyamaza, namtazama. Akasema, "Aaa." "Ulikula uji?" Nikanyamaza. "Aabu."

"Leo mna kikao," mume wangu akasema.

Nikajaribu kitu. Nikaanza kumsemesha mfululizo bila kupumua, umeshinda salama umekula uji umelia umecheka baba yako amekuudhi. Kifaranga alikodoa macho, mdomo wazi, kimya kama jiwe.

"Mbona unamkimbiza mtoto?" baba yake akauliza.

Nilimbusu mwanangu kichwani, mahali pale laini panapopumua.

Siku ya kamati fundi alikuja na vifaa vyake vyote. Mwalimu alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba wimbo wa madobi una upande wa pili, na kwamba binti wa marehemu atauimba hapo hapo. Waliniwekea kiti katikati. Kinasa sauti kikasimamishwa mbele ya uso wangu, kikinitazama.

"Naomba kwanza upigwe ule wa mwanzo," nikasema. "Ule ambao haukukatwa."

Ukapigwa. Mama Mkubwa akauliza limetoka wapi hili, na chumba kikabaki na swali. Kiti kikalia. Pikipiki ikapita nje. Kwenye ukimya wa pili mjumbe mmoja akamgeukia fundi kama mtu anayeuliza iwapo umeme umekatika, na kwenye ule wa tatu hakugeuka tena. Ulipokwisha, Daktari wa nyota alikuwa ameshika penseli yake bila kuandika.

"Unafahamu kwamba watadhani kimeharibika," akasema, kwa upole. "Tukiwa tunadhani wapo."

"Nafahamu, Daktari. Fundi alinieleza." Nikakohoa. "Lakini mimi nina mtoto mchanga. Hajui neno hata moja. Hajui mimi ni nani ila kwa harufu. Lakini nikimuuliza kitu nikanyamaza, anajua ni zamu yake, anasema aaa. Nisiponyamaza ananikodolea macho tu. Hakuna aliyemfundisha. Kama yeye anaweza, nimefikiri, huenda na wao."

"Na kama huko hakuna mtu?" akauliza yule mjumbe wa kugeuka.

"Yapo mashuka ambayo mama hakuyajibu. Mwenzake alimngojea vile vile."

Mwalimu akainama mbele, viwiko magotini, kama anavyofanya akitaka mwanafunzi afikiri vizuri. "Binti, wewe uliniambia unataka mama yako awemo. Fundi huyu hapa. Ukiimba upande wake sasa hivi, atakuwemo. Ukiondoka hapa bila kuimba, nafasi hiyo hairudi tena. Umeliangalia hilo?"

Nilikuwa nimeliangalia usiku na mchana. Hata pale kwenye kiti nilitamani. Sauti yangu inafanana na yake, watu husema, na nilikuwa na mistari yake mitatu kichwani, ya wodi ya wazazi, ya pipi, ya daktari asiyelala. Ingechukua dakika chache. Nikafumba macho nikamwona amesimama upande wa dirisha, nyuma yake mwanga, ameshika ncha zake mbili, analitazama shuka analoletewa kwa mara ya kwanza. Hakuwa amesema kitu bado.

"Nikiujaza," nikasema, "nitakuwa nimelijibu shuka langu mimi. Na yeye nitakuwa nimemwondoa pale anaposimama."

Daktari akavua miwani. "Kazi yangu tangu ujana ni kusikiliza ukimya wa huko," akasema. "Tunatega vyombo, tunangoja. Sikuwahi kufikiri tungeweza kuwapelekea wa kwetu." Akaivaa tena. "Lakini nisiwafiche. Kwa urefu huu utakula nafasi ya nyimbo mbili za akiba. Mtu wa kwaya ataniuliza, nami sina jibu zuri."

Wakabishana. Mjumbe mmoja alisema waziwazi kwamba hii ni huruma, si muziki, na sikumchukia, kwa sababu alisema akiwa amenitazama usoni. Fundi, ambaye hakuwa na kura, alisema ukimya ule una pumzi ndani yake, una kitambaa kinachokaza, si ukimya wa chombo kibovu, na mtu mwenye masikio atajua. Mwishoni mikono ikainuliwa. Haikuinuka yote. Daktari aliihesabu kwa penseli, akaandika neno moja, akanitazama, akaitika kwa kichwa.

Asubuhi nilifika kazini mapema. Mama Mkubwa alikuwa ameshavaa joho, anafunga kamba za nyuma kwa mikono iliyozoea.

"Wamesemaje?"

"Utakwenda. Kama ulivyouimba. Bila kukatwa, bila kujazwa."

Alimaliza kufunga kamba. "Na wewe? Wewe ulitaka mama yako aende."

"Nilitaka."

"Basi?"

"Mahali pake pamekwenda," nikasema. "Atakayepakuta ataona mtu alikuwa anangojewa."

Akaniuliza kama Kifaranga ameota jino. Nikamwambia limechungulia, la chini. Akasema hayo ndiyo mambo. Nyuma yetu mtu aliwasha mashine, sakafu ikaanza kutetemeka, na mkokoteni wa kwanza ukasukumwa ndani umejaa mpaka juu. Akachukua shuka, akanirushia pembe mbili, nikazidaka. Lilikuwa na joto. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka likakaza kati yetu, akavuta pumzi, akauliza.